Mstari ukilala kwenye kadi

Kwenye benchi la kliniki ya watoto, iwe Buguruni, Mbagala au Sinza, swali la kwanza ni lile lile: "Wako ana kilo ngapi?" Mtoto akishaingizwa kwenye kaptura ya mzani, macho ya benchi zima yanahamia kwenye mshale. Wa kilo nyingi anarudishwa akiwa amenyanyuliwa juu, wa kilo chache anafungwa haraka kwenye khanga. Sisi tunaokaa upande wa pili wa mzani tulishaacha kubabaishwa na namba ya siku moja. Mtoto wa kilo 6.8 ambaye mwezi uliopita alikuwa na 6.4 yuko vizuri kuliko jirani yake wa kilo 8.5 ambaye miezi miwili iliyopita alikuwa na 8.5 hiyo hiyo. Huyu wa pili bado yuko kwenye eneo la kijani la kadi na mama yake anasifiwa, ila mstari wake wa uzito umelala, haupandi. Mstari ukilala, mara nyingi sababu yake inapatikana nyumbani kabla ya kupatikana maabara.

Kabla hujamshuku mtu, ushuku mzani. Kaptura tupu ining'inizwe kwanza, mshale urudishwe kwenye sifuri, ndipo mtoto aingie. Avuliwe nguo zote pamoja na nepi. Nepi ya dukani iliyolowa inaweza kubeba robo kilo, na kwa mtoto wa miezi 8 hiyo ni karibu mwezi mzima wa kukua. Miguu isiguse meza wala mapaja ya mama, na mshale usomwe ukiwa umetulia. Mtoto akipimwa na nguo mwezi huu na bila nguo mwezi ujao, mstari utalala kwenye karatasi tu, halafu mama atasemwa bure.

Ujue pia kasi inayotarajiwa. Siku za kwanza mtoto hupungua hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, na anapaswa kuurudia ndani ya wiki 2. Miezi 3 ya mwanzo anaongeza gramu 25 hadi 30 kwa siku, sawa na gramu 800 hivi kwa mwezi. Karibu na nusu mwaka anakuwa amefikisha mara 2 ya uzito aliozaliwa nao, na akifikisha mwaka, mara 3. Kuanzia mwezi wa 7 anaongeza gramu 300 hivi kwa mwezi, wakati mwingine pungufu. Kwa hiyo mstari kupunguza kasi baada ya miezi 6 ni kawaida. Kulala ndiko si kawaida, na kushuka ni dharura.

Mstari ukilala kabla ya miezi 6, tunachotafuta kwanza ni maji. Bibi anasema mtoto ana kiu kwa joto hili, na kwa huruma anampa vijiko viwili vitatu. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, hata joto la Februari hapa Dar yanalimudu. Vijiko vile vinajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa vya kutosha linapunguza kutengeneza. Baada ya wiki mbili mama anaona kweli maziwa hayatoshi, uji unaanza mwezi wa 3, na kuhara kunafuata kwa sababu maji yale yalitoka kwenye dumu. Dawa ya mchango inapita njia hiyo hiyo. Hapa hatubishani na bibi. "Shikamoo bibi, huyu mjukuu wako anakojoa mara ngapi kwa siku?" Mtoto wa zaidi ya wiki moja anayelowesha nepi mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe, na kilo zinapanda, maziwa yanamtosha hata akilia usiku kucha. Bibi akipewa kazi ya kuhesabu nepi, kikombe cha maji mara nyingi kinapumzika chenyewe.

Sababu ya pili ya miezi hii ni kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa kunyonyesha kwa jumla ya saa 2 kila siku ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaijui hiyo ya saa 2. Nayo inamfaa anayefanya kazi jirani na nyumbani. Anayetoka Chanika kwenda Posta hawezi kurudi kunyonyesha. Mama ntilie na muuza mboga wa Mabibo hawana siku 84 wala saa 2, lakini angalau wanaweza kwenda na mtoto. Anayeumia zaidi ni yule anayepanda daladala saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku. Kwake msaada ni kukamua.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji pampu. Osha mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka chuchu ilipo, ukifanya umbo la herufi C. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Usitelezeshe vidole kwenye ngozi, ndiko kunakochubua. Dakika za mwanzo hayatoki, mama anakata tamaa. Endelea, zungusha vidole kila upande, badilisha titi kila dakika 3 hadi 5. Yote huchukua dakika 20 hadi 30. Kwa joto letu maziwa yasikae nje zaidi ya saa 4, kwenye friji siku 4. Yakijitenga, utando wa mafuta juu na maji chini, hayajaharibika, yazungushe taratibu. Yapashe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe. Mtoto anywe kwa kikombe akiwa ameketi wima: ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, mwenyewe alambe. Ukimmiminia, yanaingia njia ya hewa. Chupa tunaikwepa kwa sababu chuchu yake na kona zake hazioshiki vizuri kwenye beseni la uani.

Wiki mbili kabla ya kurudi kazini ndio muda wa kuanza mazoezi hayo, wala si usiku wa kuamkia Jumatatu.

Sasa miezi 6 hadi 12, ambako mistari mingi inalala. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa, na wengi safari hiyo wanaianza katika umri huu. Mama ukimuuliza mtoto anakula nini, atakujibu kama alivyofundishwa: uji wa lishe, mboga, matunda, yai. Swali hilo tuliliacha. Tunauliza: "Jana, kuanzia alipoamka, alikula nini, saa ngapi, bakuli gani, na nani alimlisha?" Hapo ndipo unasikia, "Jana mchana sijui dada, alikuwa na dada." Dada mwenyewe ni binti wa miaka 16 au 17 aliyekuja mjini juzi, ana kufua, kupika na kuangalia watoto wawili, na hajawahi kukanyaga kliniki. Mafundisho yote tumempa mama, mlishaji ni mwingine.

Tuanze na uji. Chota kwa kijiko, kiinamishe. Ukidondoka kama maji, mtoto anakunywa maji yenye rangi. Unatakiwa ung'ang'anie kwenye kijiko, udondoke polepole kwa tonge. Kwa kikombe cha robo lita weka vijiko 2 hadi 3 vya chakula vya unga, vikiwa vimejaa. Ukiiva ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta au karanga za kusaga, na kijiko kimoja cha chakula cha unga wa dagaa. Dagaa wa maji baridi wanafaa kuliko wale wa chumvi: toa vichwa, osha mchanga mpaka maji yatoke meupe, kausha au kaanga bila mafuta, twanga, chekecha. Uji unafanywa mwepesi kwa sababu mbili tu, na zote zinaeleweka: upite kwenye chupa, au unga ufike mwisho wa mwezi.

Unga wa lishe wa mchanganyiko nao una mambo yake. Mtu anajivunia nafaka nane. Ukizihesabu: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele. Hizo ni wanga sita zenye majina tofauti. Baadaye soya na karanga. Soya mbichi iliyosagwa bila kuchemshwa na kukaushwa, au kukaangwa, inazuia mwili kumeng'enya protini, ile ile iliyonunuliwa kwa ajili yake. Karanga zikisagwa pamoja na unga halafu ndoo ikakaa miezi miwili kwenye unyevu wa Dar, mafuta yanachacha na ukungu unaota. Sumukuvu haionekani kwenye unga wala haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwa hiyo: chagua karanga kwa mkono, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, zisage peke yake kidogo kidogo, na unga wa nafaka usage wa wiki mbili. Ulezi na mahindi vinatosha. Hela ya nafaka nyingine nne ikanunue dagaa na mayai.

Kiasi: anayeanza, vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku, akipanda taratibu hadi nusu kikombe cha robo lita. Miezi 9 hadi 11, nusu hadi robo tatu ya kikombe, mara 3 au 4, na kipande cha ndizi au parachichi katikati. Bakuli lake liwe la peke yake. Kwenye sinia la pamoja mtoto wa miezi 10 anashindana na kaka yake wa miaka 5, na matokeo unayajua. Chai ya asubuhi asipewe kabisa. Inazuia madini ya chuma kunyonywa, na akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha karibu na miezi 6. Aliyezaliwa njiti inaisha mapema zaidi.

Kunyweshwa kwa nguvu bado kupo: mtoto analazwa chali mapajani, kiganja kinageuzwa kuwa faneli, pua inabanwa. Uji unaisha, kweli. Mtoto anajifunza kwamba chakula ni vita, na baadhi yao uji unaingia mapafuni. Anayekataa umsubiri, umtazame usoni, umpe kijiko akishike, ujaribu tena baada ya dakika chache. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa. Dada mwenye ndoo mbili za nguo hana nusu saa, na hilo ni la kupangwa na mwenye nyumba, si la kumgombeza binti.

Kuna neno ambalo mama hatalitamka mbele ya muuguzi mpaka akuzoee: kubemenda. Mtoto akisinyaa, uani wanasema amebemendwa, maana yake baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamekutana wakati bado ananyonya. Tumeona madhara ya neno lenyewe kuliko ya kitendo. Mama anaona aibu, anaacha kliniki, anamwachisha mtoto ziwa ghafla ili aonekane safi, na anazungushwa kwa dawa za kuogeshea mpaka mkono unakuwa kijiti. Lakini ndani ya imani hiyo kuna kitu wazee walikiona kwa macho yao: mimba ya haraka inamwangusha mtoto aliye mgongoni. Kinachomwangusha si maziwa kuharibika. Ni kuachishwa ziwa akiwa na miezi 8 bila chakula cha kushika nafasi yake, na mama aliyechoka kabisa. Mwenye mimba iliyo salama anaweza kuendelea kunyonyesha huku akila zaidi. Mapumziko yanayoshauriwa ni angalau miezi 24 toka kujifungua hadi kushika mimba nyingine, na mazungumzo hayo yanakwenda vizuri zaidi baba akiwa amekaa kwenye benchi lile lile. Ukimwambia mama "hayo ni mambo ya kishamba", humuoni tena.

Magonjwa tunayapima kwa namna yanavyorudi. Kuhara mara moja mtoto anafidia. Kuhara kila baada ya wiki mbili wakati wa masika, mabonde ya Msimbazi yakiwa yamefurika na vyoo vimetapika, kunalaza urefu pia, si kilo peke yake. Pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, ni kwa lita moja ya maji safi, siyo nusu kwa chupa ya soda. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi. Zinki miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, na 20 kwa aliyezidi, kwa siku 10 hadi 14. Wengi wanaacha siku ya tatu choo kikishakauka, na hapo ndipo faida ya baadaye inapotea. Kifua: fungua nguo, mtoto ametulia, hesabu pumzi kwa dakika moja kamili ukitumia saa ya simu. 60 au zaidi kwa wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, au nyama za chini ya mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, ni hospitali leo hii. Jiko la mkaa kwenye korido la nyumba ya vyumba sita linachangia vifua hivyo kuliko feni inayolaumiwa kila siku.

Kikohozi kisichoisha kinaitwa kimeo, na kuna watu wa kukikata. Homa na kuhara vya miezi ya kuota meno vinaitwa meno ya plastiki, na kuna wa kuyang'oa. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino lenyewe. Tunaowapokea baadaye wamepungukiwa damu au wana maambukizi, na ugonjwa wa mwanzo bado wanao. Mtoto mwenye damu ndogo inayojirudia, au ambaye karibu na miezi 6 viganja na nyayo vinavimba na kuuma, apimwe selimundu (sikoseli) kabla ya jambo jingine lolote. Mama mwenye VVU anayetumia dawa zake ananyonyesha kama wengine, bila kuchanganya na chochote kwa miezi 6, na mtoto anachukuliwa kipimo cha kwanza wiki ya 4 hadi ya 6.

Yapo ambayo mzani hauyapimi kabisa. Miezi 2 mtoto arudishe tabasamu. Miezi 4 ashike shingo. Miezi 6 ageukie sauti. Chezesha funguo nyuma ya sikio asikouona mkono wako. Miezi 9 akae mwenyewe. Miezi 18 awe anatembea. Aliyekuwa anakaa akaacha kukaa, usisubiri mwezi ujao. Aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati, toa miezi 2 kwenye umri wake kabla ya kumlinganisha na mtoto wa jirani, na fanya hivyo mpaka afikishe miaka 2. Kichwa kinachokua kwa kasi kuliko mwili, utosi ukiwa umetuna, ni safari ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Utosi unaocheza tu kwa mapigo ya moyo ni mzima, haupakwi kitu.

Mtoto mwenye kilo nzuri anayechelewa katika hayo, mara kadhaa tumemkuta ameshinda kutwa mbele ya televisheni, au kwenye kigari cha kutembelea ambacho hakimfundishi kutembea. Chupa ndogo ya plastiki yenye mbegu chache ndani, kifuniko kikiwa kimefungwa kabisa asije akakimeza, ni kayamba tosha. Dada amsemeshe anapokuna nazi: hii nazi, hii mbuzi, nipe mkono. Na mtazame mama mwenyewe. Ndani ya arobaini alikuwa na mama yake, uji wa pilipili manga, maji ya moto ya kukandwa. Arobaini ikiisha watu wanarudi kwao, na hapo wengine wanazima. Halali hata mtoto akilala, hamwangalii usoni anaponyonya, anajibu "niko sawa" kabla hujamaliza kuuliza. Sonona hiyo ina tiba, na mstari wa mtoto mara nyingi unainuka mama akiinuka.

Mstari ukiwa umelala mwezi mmoja, tunapanga mtoto arudi baada ya wiki 2, siyo mwezi. Siku hiyo tunaomba vitu vitatu: kadi, yule anayeshinda na mtoto mchana, na bakuli analolia, likiwa tupu. Tunalijaza maji, tunayamimina kwenye kikombe cha kupimia mbele ya wote. Bakuli linaloitwa limejaa mara nyingi linatoa mililita 90. Tunaweka alama ya kalamu ya wino usiofutika pembeni mwa bakuli jingine kubwa kidogo, usawa wa mililita 125, na anayekabidhiwa ni dada.